GEUZA BAMPA, USOME

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Kutengeneza sehemu za plastiki za motokaa kabla ya kupaka rangi

Leo twazungumza na madarasa yote, lakini hasa na ndugu zetu wa Dakawa, katika Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Aliyeketi karibu na redio aongeze sauti kidogo, ili walio nyuma nao wasikie.

Somo letu lahusu bampa la motokaa. Huenda mmoja wenu atauliza, "Mimi nalima mpunga, motokaa sina. Bampa lanihusu nini?" Swali hilo ni zuri. Dakawa iko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Usiku na mchana magari hupita: mabasi, malori yaendayo mpaka Rwanda, Burundi na Kongo, na magari madogo ya wanunuzi wa mchele. Magari yakiwa mengi, yanayogongwa na kukwaruzwa nayo huwa mengi, na mafundi hupata kazi. Pikipiki za bodaboda nazo zina vifuniko vya plastiki, navyo hupasuka. Basi kazi hii iko mlangoni petu, na vijana wetu wengi wanaitaka.

Tena lipo jambo linalomhusu mwanafunzi wa kusoma na kuandika kuliko mtu mwingine. Nyuma ya bampa kuna herufi. Fundi anayezisoma hufanya kazi inayodumu. Fundi asiyezisoma hufanya kazi inayong'aa leo na kubanduka baada ya miezi michache. Somo lote la leo laweza kusemwa kwa maneno matatu: Geuza bampa, usome.

PLASTIKI ILIINGIAJE KWENYE MOTOKAA?

Zamani bampa lilikuwa chuma. Wazee wanakumbuka Land Rover za kale: bampa lake likigonga mti, mti ndio ulioumia. Lakini chuma ni kizito, hushika kutu, na kikishapinda hakirudi chenyewe.

Mwaka 1968, huko Marekani, motokaa iitwayo Pontiac GTO ilitolewa ikiwa na bampa la mbele linaloweza kubonyea na kurudi. Mwaka 1972, huko Ufaransa, Renault 5 ilitolewa ikiwa na mabampa ya plastiki. Tangu hapo viwanda vingine vilifuata. Leo motokaa ndogo nyingi tunazoziona, zilizotumika Japani kisha zikaletwa kwetu kupitia bandari ya Dar es Salaam, zina mabampa ya plastiki mbele na nyuma.

Plastiki inayotumika zaidi kwa mabampa huitwa polipropilini. Mwaka 1954 mtaalamu wa Italia, Giulio Natta, alifaulu kuitengeneza kwa namna ambayo iliifanya iwe ngumu na yenye manufaa. Mwaka 1963 yeye pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Msidhani polipropilini ni kitu kigeni kwenu. Baadhi ya ndoo za maji ni polipropilini. Magunia ya plastiki yaliyofumwa, yale mnayojazia mchele, ni polipropilini. Katika bampa huchanganywa na aina ya raba ili isivunjike upesi inapogongwa.

KWA NINI RANGI HAISHIKI?

Chukueni jani la mgimbi, kama yale yanayoota katika mabonde ya Uluguru. Limwagie maji. Maji hayaenei juu yake. Hujikusanya kuwa matone, kisha huteleza na kuanguka. Polipropilini ina tabia kama hiyo. Ukipuliza rangi juu yake, rangi huonekana kuenea, lakini haikuikubali plastiki. Imelala tu juu yake, kama mgeni aliyeketi mlangoni bila kukaribishwa ndani. Siku moja itaondoka.

Sasa fikirini fundi wa nyumba. Kabla ya kupiga lipu, yeye huukwaruza ukuta ulio laini, kisha huumwagia maji. Anajua kwamba lipu haikai juu ya ukuta mkavu wenye vumbi. Fundi rangi naye lazima auandae ukuta wake. Viwandani, bampa hupitishwa haraka kwenye ndimi za moto, au hupakwa dawa maalumu, ndipo rangi ishike. Gereji hatuchezi na moto karibu na rangi. Sisi hutumia dawa. Katika somo hili tutaiita dawa ya kushikisha rangi.

Lakini kushika peke yake hakutoshi. Bampa hupinda. Hutikisika barabarani, hutanuka kwa jua, husinyaa kwa baridi. Kwa hiyo kila kitu unachokipaka juu yake lazima kiweze kupinda pamoja nalo. Mnafahamu tope la jaruba linavyokuwa baada ya mavuno. Likikauka hupasuka vipande vipande. Puti ya kawaida, ile ya kupaka kwenye bati la motokaa, ni ngumu. Ukiipaka kwenye bampa, itakuwa kama tope kavu juu ya mkeka. Mkeka ukikunjwa, tope hupasuka.

Basi shikeni mambo haya mawili: kila tabaka lazima lishike, na kila tabaka lazima lipinde.

MZEE NA FUNDI

Sasa sikilizeni mchezo mfupi wa kufundishia. Mzee mmoja amefika gereji akibeba bampa begani.

MZEE: Hodi hapa!

FUNDI: Karibu, mzee. Shikamoo.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Nimekuletea bampa hili. Huu mwezi wa tatu tangu lipakwe rangi. Juzi nimeliosha, rangi imetoka kama maganda ya kitunguu.

FUNDI: Pole sana, mzee. Aliyelipaka alifanyaje kazi yake?

MZEE: Alilipiga msasa, akalifuta kwa petroli, akapuliza rangi. Tena liling'aa hata nikajiona uso! Nikampa fedha yake yote.

FUNDI: Niruhusu niligeuze. Haya, mzee, hebu soma hapa.

MZEE: Miwani nimeiacha nyumbani. Soma wewe.

FUNDI: Pameandikwa PP, kisha alama ya kujumlisha, kisha EPDM. Maana yake ni polipropilini pamoja na raba. Hii haishiki rangi bila dawa yake.

MZEE: Kumbe imeandikwa! Na yule hakuona?

FUNDI: Huenda hakujua kwamba nyuma kuna maandishi, mzee.

MZEE: Basi nitalipa mara mbili kwa kazi moja.

FUNDI: Ndivyo ilivyo. Na kazi ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Sina budi kuondoa rangi yote isiyoshika. Wala siwezi kutumia dawa kali ya kubabulia rangi, maana yaweza kuiharibu plastiki yenyewe. Nitasugua kwa mkono, pole pole.

Mmesikia? Mzee amepoteza fedha. Fundi wa kwanza amepoteza mteja. Wote wawili wamepata hasara kwa sababu ya herufi chache ambazo hazikusomwa.

HERUFI NYUMA YA BAMPA

Andikeni sasa. Herufi hizi kwa kawaida huwa ndani ya alama mbili zinazoelekeana, namna hii: >PP<. Hutafutwa upande wa ndani wa bampa, ambako hakuna rangi. Huenda kuna matope. Osha kwanza, ndipo uzitafute.

PP ni polipropilini. 

PP+EPDM ni polipropilini iliyochanganywa na raba. Mara nyingi hii ndiyo plastiki ya bampa. 

TPO ni ya ukoo huo huo. 

ABS ni plastiki ngumu zaidi. Hutumika kwa urembo wa mbele wa gari, kwa vifuniko vya vioo vya pembeni, na kwa baadhi ya vifuniko vya pikipiki. Hii hushika gundi na rangi kwa urahisi kuliko PP. 

PUR ni poliyurethani. Nyingi ya aina hii haiyeyuki kwa moto, huungua tu. Kwa hiyo hutengenezwa kwa gundi.

Wakati mwingine mtaona T20 au TD20 baada ya herufi hizo. T ni talki, unga laini wa jiwe, na 20 maana yake ni asilimia ishirini ya uzito.

Je, herufi zikiwa zimefutika? Kata kipande kidogo sana kwenye ukingo wa ndani, kisiwe na rangi. Kitie katika kikombe cha maji na ukitikise ili mapovu yatoke. Kikielea, yaelekea si ABS wala PUR. Kihesabu kuwa cha ukoo wa PP. Kikizama, usikate shauri upesi. Huenda ni ABS au PUR, lakini huenda pia ni PP yenye talki nyingi, kwa maana talki huongeza uzito. Hapo muulize fundi mwenye ujuzi. Usichome kipande ili unuse moshi wake, kama wafanyavyo wengine. Moshi wa plastiki ni sumu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kuosha. Osha bampa kwa maji na sabuni, nje na ndani, kisha likauke. Osha kabla ya kupiga msasa. Ukipiga msasa juu ya mafuta na nta, unayasukuma yaingie ndani ya mikwaruzo. Hata bampa jipya huoshwa, maana huenda bado lina dawa ya kiwandani iliyolisaidia kutoka katika kalibu. Likishakauka, lifute kwa dawa ya kusafishia plastiki, au kwa spiriti. Shika vitambaa viwili safi: kimoja chenye dawa, cha pili kikavu. Cha kwanza kinafuta, cha pili kinafuata mara moja kabla dawa haijakauka. Petroli na mafuta ya taa havifai. Huacha mafuta nyuma yake, na plastiki yaweza kuvinywa.

Hatua ya pili ni kunyoosha. Bampa lililobonyea bila kupasuka laweza kurudi. Limwagie maji ya moto sana palipobonyea, kisha sukuma kwa ndani ukiwa umevaa glavu nene. Shikilia mpaka lipoe. Usilitie kwenye moto wa mkaa.

Hatua ya tatu ni kuziba ufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wengi huushona ufa kwa waya, kama mtu ashonavyo kiatu. Waya hushikilia bampa lisianguke njiani, lakini hauwi msingi wa rangi, maana pande mbili za ufa zinaendelea kucheza. Fanya hivi. Toboa tundu dogo, kama milimita 3, mahali ufa unapoishia. Tundu hilo huuzuia ufa usiendelee. Linganisha pande mbili kwa nje, uzishike kwa utepe. Kisha geuza. Upande wa ndani, chimba mfereji wenye umbo la herufi V kufuata ufa, mpaka karibu nusu ya unene wa plastiki.

Sasa unahitaji plastiki ya kujazia, nayo lazima iwe ya aina ile ile. PP hujazwa kwa PP, ABS kwa ABS. Ukiyeyusha aina mbili zisizopatana, zitaonekana kuungana, kumbe zimekumbatiana tu bila kuoana. Huna haja ya kununua kila mara. Bampa bovu lililotupwa, lenye herufi zile zile, laweza kukatwa vipande vyembamba na kutumika. Ndiyo maana fundi mwerevu hatupi mabaki yake ovyo. Huyaweka kwa mafungu na kuandika juu ya kila fungu: PP, ABS.

Yeyusha kwa pasi ndogo ya umeme ya kulehemu plastiki. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la digrii 160 hivi. Pande zote mbili za mfereji ziyeyuke pamoja na kipande cha kujazia. Ukiona moshi, joto limezidi na plastiki inaungua, nayo iliyoungua haina nguvu. Kwa ndani, zamisha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu ili kuongeza nguvu. Acha ipoe yenyewe. Kisha fanya mfereji upande wa nje na kujaza vivyo hivyo.

Kwa PUR, na mara nyingine kwa ABS, tumia gundi ya plastiki ya sehemu mbili zinazochanganywa, pamoja na kitambaa cha wavu kwa ndani. Ukitumia gundi kwenye PP, dawa ya kushikisha hupakwa kwanza chini ya gundi.

Hatua ya nne ni msasa. Hapa twasoma namba. Namba ya msasa ikiwa ndogo, msasa ni mkali. Ikiwa kubwa, msasa ni laini. Anza na 120 palipojazwa, kisha 180, kisha 240, umalizie na 320. Usiruke kutoka 120 mpaka 320, maana mikwaruzo mikubwa itaonekana chini ya rangi. Polipropilini ina ukaidi wake: ukiisugua kwa nguvu na haraka hupata joto na kutoa nyuzi kama manyoya. Sugua taratibu. Nyuzi zikitokea, rudia kwa msasa laini wenye maji. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya tano ni dawa ya kushikisha rangi. Ondoa vumbi, futa tena kwa dawa ya kusafishia, acha ikauke. Puliza dawa ya kushikisha tabaka jembamba sana juu ya plastiki yote iliyo wazi, si pale palipopasuka tu. Wengine hudhani kwamba dawa ikiwa nzito itashika zaidi. Hapana. Ikiwa nzito hubaki laini kwa ndani na kubanduka pamoja na rangi. Soma kwenye mkebe muda wa kusubiri. Mikebe haifanani: mmoja waweza kusema dakika 10, mwingine 30. Usipake kabla ya muda huo, wala usichelewe kupita muda ulioandikwa. Usiipige msasa wala usiiguse kwa vidole.

Kama bampa ni jipya, tazama kwanza kama limekwisha kupakwa praima kiwandani. Sugua kidogo mahali pasipoonekana. Ukiona tabaka la rangi moja juu na rangi nyingine chini, basi praima ipo. Hilo husuguliwa kidogo, likasafishwa na kupakwa rangi. Halihitaji dawa ya kushikisha, ila pale msasa ulipofikia plastiki.

Hatua ya sita ni puti ya plastiki, ile inayopinda. Ipake nyembamba kufunika mabonde madogo. Ikikauka, isawazishe kwa msasa. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Msasa ukipita nje ya puti hugusa plastiki na kuondoa dawa uliyoipaka. Plastiki imekuwa wazi tena. Basi sehemu hiyo ipakwe dawa ya kushikisha mara ya pili. Kanuni ni hii: kila mara plastiki inapoonekana wazi, dawa hurudiwa.

Hatua ya saba ni praima. Praima huziba mikwaruzo midogo na kuipa rangi mahali pa kukaa. Chagua iliyoandikwa kuwa yafaa kwa plastiki, au ile inayoruhusu kutiwa dawa ya kulainisha ili ipinde. Praima nyingi huchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuikausha na kuikaza. Kwenye mkebe utaona namba kama 4:1. Maana yake ni vipimo vinne vya praima kwa kipimo kimoja cha hadina. Tumia kikombe chenye alama. Usikisie kwa macho. Hadina ikipungua praima haikauki sawasawa. Ikizidi hukauka kuwa ngumu na kupasuka. Puliza matabaka mawili au matatu mepesi, ukisubiri kati yake. Ikikauka kabisa, sugua kwa msasa wa 400 au 500 wenye maji. Sasa bampa liko tayari kupokea rangi.

Kuna jaribio moja rahisi. Chukua kipande cha plastiki ya aina ile ile kutoka kwenye mabaki yako. Kiandae pamoja na bampa, kwa hatua zile zile. Kikishakauka kabisa, kikwaruze kwa wembe mistari ya kukatana, bandika utepe unaoshika sana, kisha uvute kwa nguvu. Rangi ikitoka na utepe, bora umeijua wewe kabla ya mteja.

JUA, VUMBI NA MVUA

Dakawa iko bondeni, na jua lake ni kali. Bampa jeusi likiachwa juani hupata joto hata mkono hauwezi kulishika. Ukipuliza praima juu yake, hukauka kabla haijaenea na huwa kama mchanga. Fanya kazi kivulini, asubuhi. Vumbi la malori na makapi ya mpunga nayo ni adui. Nyunyiza maji chini kabla ya kupuliza. Tena usifute bampa kwa kitambaa kikavu mara nyingi: plastiki ikisuguliwa hupata umeme kidogo unaovuta vumbi. Wakati wa masika, subiri unyevu wa asubuhi ukauke kwanza.

PUMZI YAKO HAINA KIPURI

Sasa tuseme jambo zito kuliko yote. Hadina nyingi za praima na rangi za sehemu mbili zina kemikali ziitwazo isosianeti. Ukungu wake ukivutwa waweza kumletea mtu pumu. Na mtu akishapata ugonjwa huo, hata kiasi kidogo sana chaweza kumbana kifua. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Barakoa ya vumbi haizuii. Kinachotakiwa ni kifaa kinachomletea mpulizaji hewa safi kwa mpira kutoka mahali pengine. Fundi asiye nacho asipulize rangi za namna hiyo. Achague praima ya plastiki isiyo na isosianeti, na kujua hilo ni lazima asome mkebe. Au apeleke bampa kwa mwenye vifaa.

Kijana anayejifunza kazi mara nyingi ndiye hushikishwa bunduki ya rangi, na mara nyingi ndiye asiye na kinga. Wazazi mnaowapeleka watoto wenu gereji, ulizeni jambo hili kabla ya kuuliza mshahara. Mama lishe asipikie karibu na mahali panapopulizwa rangi, kwa ajili ya mapafu yake na kwa ajili ya moto. Matambara yenye thina yawekwe katika debe la bati lenye kifuniko, mbali na sigara.

NYUMA YA BAMPA KUNA NINI?

Kumbukeni pia kwamba plastiki ya nje ni kama ngozi tu. Nyuma yake, katika motokaa nyingi, kuna boriti imara inayopokea kishindo cha ajali. Barabara yetu hii inafahamika kwa huzuni: ni hapa eneo la Dakawa ambapo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Ukiligeuza bampa ukakuta boriti imepinda au imepasuka, mwambie mwenye gari. Usifunike kwa rangi nzuri jambo ambalo siku moja litamgharimu mtu uhai. Nalo hilo pia ni kusoma.

MAHALI PA KUJIFUNZA ZAIDI

Dakawa si ngeni kwa elimu ya ufundi. Mwaka 1982 wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walipewa ardhi hapa, nao walijenga makazi, shule na mahali pa kufundishia kazi za mikono. Leo VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo hapa hapa Dakawa. Mwenye kutaka ufundi aende aulize kuna mafunzo gani. Atakutana na fomu ya kujaza. Nanyi sasa mwaweza kuijaza kwa mkono wenu wenyewe.

KAZI YA DARASA

Mwalimu, zima redio somo litakapokwisha, kisha ufanye kazi hii pamoja na wanafunzi.

Maneno ya kuandika mara tatu: bampa, plastiki, msasa, praima, hadina, tabaka, ufa.

Maswali ya kuzungumza:

1. Kwa nini bampa huoshwa kabla ya kupigwa msasa?

2. Msasa wa 180 na wa 320, upi ni laini zaidi?

3. Mkebe umeandikwa 4:1. Ukiwa na vikombe nane vya praima, utatia vikombe vingapi vya hadina?

4. Msasa umepita nje ya puti na plastiki imeonekana. Utafanya nini?

5. Katika kijiji chenu, ni nani wanaovuta hewa ya rangi bila kinga? Darasa laweza kuwasaidiaje?

Kazi ya nyumbani: kila mmoja atafute kitu kimoja cha plastiki, kama vile ndoo, beseni, kiti, au kifuniko cha pikipiki ya jirani kwa ruhusa yake. Kigeuze. Tafuta herufi zilizoandikwa chini au nyuma yake. Zinakili katika daftari kama zilivyo, uje nazo darasani. Mtashangaa jinsi vitu mlivyokaa navyo miaka yote vilivyokuwa vimeandikwa, vikingoja msomaji.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.